Samaki Dume Wenye Mayai

Mwaka 1906 mji wa Nice, kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa, ulizindua mtambo wa maji ulioitwa Bon Voyage. Maji ya mlimani yaliyopita hapo yalipulizwa ozoni, gesi kali inayopatikana kwa kupitisha umeme wa nguvu hewani, ili kuua vijidudu vya homa ya matumbo na maradhi mengine. Gesi yenyewe haikuwa ngeni. Christian Friedrich Schönbein, mkemia wa Basel, alikuwa ameinusa maabarani na kuipa jina mwaka 1840. Werner von Siemens akaunda kifaa cha kuizalisha mwaka 1857. Waholanzi wa Oudshoorn wakaijaribu kwenye maji ya kunywa mwaka 1893. Lakini ni Nice, kwa kazi ya mkemia Marius Paul Otto, iliyoifanya kuwa shughuli ya kila siku ya mji mzima.

Mwaka mmoja kabla ya mtambo huo wa Nice, jijini London, mtaalamu wa fiziolojia Ernest Starling alikuwa amewaeleza madaktari habari za kemikali zinazosafiri ndani ya damu na kuviamuru viungo vya mbali vifanye kazi. Aliziita homoni. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyaunganisha mambo hayo mawili. Ilichukua karibu karne nzima hadi ozoni ya Nice na homoni za Starling zikakutana ndani ya mtambo wa majitaka, na kuchelewa huko hakukutokana na uhaba wa vifaa vya kusafishia maji. Vifaa vilikuwepo. Alikosekana mtu wa kuliona tatizo, na baada ya kuonekana akakosekana mtu wa kulilipia.

Kifaa cha pili kilikuwa mkaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Raphael von Ostrejko alisajili hataza za kutengeneza mkaa amilifu, yaani mkaa uliochomwa kwa mvuke au kemikali hadi ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja ya mkaa huo ina eneo la ndani linalozidi mita za mraba 500, na juu ya kuta hizo molekuli nyingi hunasa na kubaki. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ulijazwa kwenye barakoa za askari kuwakinga na gesi ya sumu. Vita vilipokwisha, miji ya Marekani na Ujerumani ikaanza kuutumia kuondoa harufu na ladha mbaya kwenye maji ya bomba.

Ukaja uvumbuzi wa tatu, ulioibadilisha miji kuliko yote. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett wa Manchester walionyesha kwamba ukipuliza hewa kwenye majitaka, kisha ukalihifadhi lile tope linalotuama chini na kulirudisha kwenye majitaka mapya, bakteria waliomo hula uchafu kwa kasi ya ajabu. Njia hiyo ya tope hai ndiyo inayoendesha mitambo mingi ya majitaka duniani hadi leo. Ilibuniwa ili mito isinuke na samaki wasikose hewa, na kazi hiyo iliifanya vizuri. Haikubuniwa kwa ajili ya homoni, kwa sababu wakati huo hakuna aliyewahi kuikamata homoni ya kike hata moja.

Ilikamatwa mwaka 1929. Edward Doisy huko St. Louis na Adolf Butenandt huko Göttingen, kila mmoja kwa njia yake, walifanikiwa kuitenga estroni. Waliipata wapi? Kwenye mkojo wa wajawazito. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sayansi ilijua kwamba homoni hizi hutoka mwilini na kwenda chooni. Ni vile tu hakuna aliyeuliza zinaishia wapi.

Mwaka 1938, katika maabara ya kampuni ya Schering mjini Berlin, Hans Herloff Inhoffen na Walter Hohlweg walikuwa wakishughulikia tatizo lililowasumbua madaktari. Estradioli, homoni ya kike yenye nguvu kuliko nyingine za asili, ikimezwa huharibiwa na ini kabla haijafika popote. Wawili hao wakaipachikia kipande kidogo cha atomu za kaboni pembeni, kipande ambacho ini linapata taabu kukivunja. Ikapatikana ethinilestradioli, homoni inayoweza kumezwa kama kidonge. Marekani iliporuhusu kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba mwaka 1960, ulimwengu uliingia zama za vidonge vya majira, na baada ya muda mfupi ethinilestradioli ikawa kiungo cha kawaida cha vidonge hivyo. Ukaidi uleule ulioiwezesha kulivuka ini uliiwezesha pia kuwavuka bakteria wa Manchester.

Onyo lilitolewa mapema. Mwaka 1965 Elisabeth Stumm-Zollinger na Gordon Fair wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti kuhusu namna homoni za steroidi zinavyooza kwenye majitaka. Walichokiona ni kwamba haziozi zote. Makala yao yakasomwa na wachache na kuwekwa kabatini. Kifaa cha kupima viwango vidogo namna ile mitoni hakikuwepo, na kitu kisichopimika ni vigumu kukipangia bajeti.

Alihitajika samaki.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mabwawa ya mitambo ya majitaka kusini mwa Uingereza, katika bonde la Mto Lea, walivuliwa samaki wa ajabu. Walikuwa aina ya roach, samaki mdogo wa maji baridi anayependwa sana na wavuvi wa ndoano wa nchi hiyo. Walipopasuliwa walikutwa ni dume na jike kwa wakati mmoja: korodani zao zilikuwa na mayai. Kuna samaki wanaozaliwa na tabia ya kubadili jinsia, ila roach si mmoja wao.

Msomaji wa kandokando ya Ziwa Victoria huenda asishangae sana. Wafugaji wa sato wamejua kwa miaka mingi kwamba jinsia ya samaki mchanga inaweza kuelekezwa: vifaranga hulishwa chakula kilichochanganywa na methiltestosteroni kwa wiki chache za mwanzo, na karibu wote hukua madume, maana dume hunenepa haraka kuliko jike. Kule Uingereza mwelekeo ulikuwa wa kinyume, na hakuna aliyekuwa amekusudia.

Uchunguzi uliongozwa na C. E. Purdom wa maabara ya serikali ya uvuvi mjini Lowestoft pamoja na John Sumpter wa Chuo Kikuu cha Brunel, magharibi mwa London. Mbinu yao ilikuwa rahisi na ya kijanja. Katika samaki jike, homoni ya kike huliamuru ini kutengeneza vitelojenini, protini inayogeuka kuwa kiini cha yai. Dume naye ana uwezo huohuo ndani ya ini lake, lakini umelala maisha yake yote kwa kuwa amri haiji. Basi watafiti wakawatia trauti kwenye vizimba na kuwaning'iniza pale maji yaliyosafishwa yanapotoka kwenye mitambo ya majitaka, wakasubiri wiki kadhaa, wakawatoa damu. Vitelojenini ilikuwa imepanda mara maelfu kwa maelfu. Maji yaliyohesabiwa kuwa safi kwa kila kipimo cha siku zile yalikuwa yakiyaamuru maini ya samaki kutengeneza protini ya mayai. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994.

Miaka minne baadaye Susan Jobling na wenzake, Sumpter akiwemo, walitoa ripoti kuhusu roach wa mito minane. Dume wenye dalili za kike walipatikana karibu kila mahali chini ya mitambo, na katika sehemu fulani za mito ya Aire na Nene kila dume aliyechunguzwa alikuwa nazo.

Nani mkosaji? Kidole kilielekezwa kwanza viwandani, na haikuwa bila sababu. Huko Boston, Ana Soto na Carlos Sonnenschein walikuwa wamegundua kwa bahati kwamba seli zao za maabara zinazaliana bila kupewa homoni. Baada ya kusaka kwa muda mrefu wakaikuta nonilfenoli, kemikali iliyokuwa ikichuruzika kutoka kwenye mirija ya plastiki. Walichapisha habari hiyo mwaka 1991. Nonilfenoli hutokana pia na sabuni za viwandani, na bonde la Aire huko Yorkshire lilikuwa na viwanda vya kuosha sufu vilivyozitumia kwa wingi. Viwanda vilipoacha sabuni hizo, hali ya samaki wa Aire iliboreka. Umoja wa Ulaya nao ukazibana kisheria mwaka 2003.

Lakini mito mingine haikuwa na viwanda vya sufu. Watafiti wakatumia hamira iliyopandikizwa kipokezi cha estrojeni cha binadamu, ambayo ikikutana na homoni ya kike huubadilisha mchanganyiko wake kutoka manjano kuwa mwekundu. Majitaka yaliyosafishwa yakachujwa fungu kwa fungu, na kila fungu likapewa hamira. Yale yaliyogeuka mekundu yakapelekwa kwenye mashine kubwa za uchambuzi. Majibu ya mwaka 1998 yaliwashangaza wengi: mkosaji mkuu hakuwa kiwanda. Ilikuwa estroni na estradioli, homoni ambazo kila mwanamke huzitoa, na mwanamume pia kwa kiasi, pamoja na ethinilestradioli ya vidonge, iliyokuwa chache kuliko zote lakini yenye ukali wa kutisha.

Fumbo moja lilibaki. Mwili hauzitoi homoni hivihivi. Ini huzifunga kwanza kwa kipande cha sukari ili ziyeyuke majini na zisifanye kazi tena. Iweje basi zifike mtoni zikiwa hai? Jibu lilikuwa ndani ya mabomba. Bakteria wa kinyesi, hasa E. coli, wana kimeng'enya kinachokikata kile kipande cha sukari na kukila. Homoni hufunguliwa njiani, kabla hata ya kufika kwenye mtambo.

Waliotaka ushahidi mzito zaidi waliupata Kanada. Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario kuna maziwa madogo yaliyotengwa kwa majaribio, na timu ya Karen Kidd ilichagua moja lililojulikana kwa namba tu, Ziwa 260. Kwa misimu mitatu ya kiangazi, 2001 hadi 2003, walitia ethinilestradioli hadi ikafika nanogramu 5 au 6 kwa lita. Nanogramu 5 kwa lita ni sawa na gramu moja iliyokorogwa ndani ya mabwawa 80 ya kuogelea ya Olimpiki. Samaki wadogo aina ya fathead minnow, wanaoishi miaka michache tu, walikaribia kutoweka kabisa ziwani humo. Ripoti ilitoka mwaka 2007. Jambo la kutia moyo lilifuata: dozi ilipokoma, miaka michache baadaye wakaongezeka tena. Mto au ziwa linaweza kupona, mradi bomba lifungwe.

Na bomba lingefungwaje? Hapa ndipo vyombo vya zamani viliporudi, na ozoni ina kisa kinachostahili kuelezwa polepole. Molekuli ya estrojeni ina pete nne zilizoungana. Moja kati yake, ile yenye kundi la fenoli, ndiyo inayoshika kwenye kipokezi cha seli na kutoa amri. Bila hiyo homoni ni kama haipo. Ozoni nayo hushambulia kwa pupa sehemu za molekuli zenye elektroni nyingi, na fenoli ni miongoni mwa shabaha zake za kwanza. Marc Huber na Urs von Gunten wa Eawag, taasisi ya maji ya Uswisi, walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba dozi ndogo ya ozoni huipasua pete hiyo ndani ya muda mfupi sana, na nguvu ya kike ya ethinilestradioli hushuka karibu yote. Kile kipande kilicholishinda ini na kuwashinda bakteria hakiisaidii kitu hapa, kwa kuwa kiko upande mwingine wa molekuli. Ozoni haina haja ya kukigusa.

Haimalizi kazi yote, hata hivyo. Homoni haigeuki hewa. Inavunjika vipande, na vipande hivyo, pamoja na vya maelfu ya kemikali nyingine, hupitishwa kwenye kichujio cha mchanga chenye bakteria ili viliwe. Na maji yenye bromidi nyingi, hasa yanayotoka kwenye baadhi ya viwanda, yakipigwa ozoni huzaa bromati, inayoshukiwa kusababisha saratani. Kuna mitambo iliyopimwa na kuambiwa wazi: ozoni kwenu hapana, tumieni mkaa.

Mkaa amilifu hauvunji chochote, unanasa tu. Ukiwa unga, hutiwa majini na kutolewa pamoja na tope, kisha vyote huchomwa. Ukiwa chembe, hupangwa kwenye kichujio kikubwa, na ukishiba hurudishwa kwenye tanuri ili uamke upya. Estrojeni, ambazo hazipendi maji, huukimbilia haraka. Waingereza walipojaribu njia hizi kwenye mitambo yao, roach waliokuzwa katika maji yaliyopita kwenye mkaa walionyesha dalili chache sana za kike.

Kuna na njia za gharama zaidi. Mchanganyiko wa chuma na peroksidi ya hidrojeni ambao Henry Fenton aliueleza Cambridge mwaka 1894, na ndugu zake wa kisasa wanaotumia mwanga wa urujuanimno, huzalisha chembe kali mno zinazovunja karibu kila kitu. Kaunti ya Orange, California, inatumia mwanga huo na peroksidi tangu 2008 baada ya kuyapitisha majitaka kwenye utando wenye vitundu vidogo kupita kiasi, kisha huyarudisha maji ardhini ili yaje yanywewe. Umeme wake si wa mchezo.

Uswisi ndiyo nchi ya kwanza iliyoamua kuifanya kazi hii kwa sheria ya taifa zima. Kumbukumbu ya watu wake ina moto wa Novemba 1, 1986, ghala la kemikali la Sandoz lilipoungua Schweizerhalle karibu na Basel na Mto Rhine ukatiririka mwekundu hadi kwa majirani wa chini. Katika miaka ya 1990 wavuvi wakalalamika kwamba trauti wanapungua, na utafiti mkubwa wa kitaifa ukafanywa. Isitoshe, Uswisi iko juu ya kila mtu: Rhine na Rhône zinaanzia kwake, na anachomwaga yeye hunywewa na Mjerumani, Mholanzi na Mfaransa.

Majaribio ya ozoni yalifanyika Regensdorf kuanzia 2007, yakafuata ya Lausanne yaliyolinganisha ozoni na mkaa. Mwaka 2014 mtambo wa Neugut huko Dübendorf, kiungani mwa Zürich, ukawa wa kwanza nchini kupitisha majitaka yake kwenye ozoni kwa ukubwa kamili, na mwaka huohuo bunge likaibadilisha sheria ya maji. Tangu Januari 1, 2016 mitambo hutozwa hadi faranga 9 kwa mwaka kwa kila mtu aliyeunganishwa nayo, na fedha hizo hugharimia sehemu kubwa ya ujenzi. Si kila mtambo unaoguswa. Unaanza ule unaohudumia zaidi ya watu 80,000, au zaidi ya 24,000 ikiwa maji yake huingia ziwani, au mdogo zaidi ikiwa unamwaga kwenye kijito chenye kiasi kikubwa cha majitaka. Mpango unaendelea hadi 2040.

Kinachochekesha kidogo ni kwamba mitambo hii, iliyozaliwa kwa sehemu kubwa na hofu ya homoni, haipimwi kwa homoni. Inatakiwa kuondoa asilimia 80 ya vichafuzi, na kipimo ni orodha ya kemikali 12: dawa ya maumivu diklofenaki imo, dawa ya kifafa karbamazepini imo, za shinikizo la damu zimo. Hakuna estrojeni hata moja. Ziko kidogo mno kufuatiliwa kila siku, na anayejua kemia anajua kwamba ozoni iliyomshinda karbamazepini huwa imekwisha kummaliza estradioli.

Afrika nayo ina sura yake katika kitabu hiki, na ni ya zamani kuliko ya Uswisi. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, hauna mto wa kudumu karibu, na mwaka 1968 ulikuwa wa kwanza duniani kuyageuza majitaka ya nyumbani kuwa maji ya bomba, katika mtambo wa Goreangab. Majitaka ya viwandani yalitengwa yaende kwingine, uamuzi wa busara ambao miji mingi haijaufikia hadi leo. Mtambo mpya uliofunguliwa 2002 una ozoni, kisha mkaa wenye bakteria, kisha mkaa mwingine, kisha utando. Haukujengwa kwa sababu ya samaki dume wenye mayai. Ulijengwa kwa sababu ya kiu, lakini vizuizi hivyo havibagui.

Nairobi na Dar es Salaam hadithi ni nyingine. Majitaka yenye bahati ya kufika kwenye bomba kubwa huishia kwa kiasi kikubwa kwenye mabwawa ya wazi, kama yale ya Ruai au Vingunguti, ambako jua, mwani na siku nyingi za kukaa huzipunguza homoni za asili kwa kiasi. Kaya nyingi hazina bomba hilo. Zina shimo, na gari la kunyonya majitaka likihitajika. Kumshauri mhandisi wa mji wa namna hiyo anunue ozoni kabla hajawaunganisha watu ni kumtania. Kutenga maji ya viwandani, kama Windhoek ilivyofanya, kunawezekana leo.

Ulaya iliyobaki ilisitasita kwa sababu ya pesa. Mwaka 2012 Tume ya Ulaya ilipendekeza ethinilestradioli mitoni isizidi nanogramu 0.035 kwa lita, kiwango ambacho maabara nyingi zilishindwa hata kukipima. Richard Owen na Susan Jobling, yuleyule wa roach, waliandika mwaka huo kwamba kwa England na Wales peke yake kukifikia kungegharimu takriban pauni bilioni 30. Mwaka uliofuata pendekezo likapunguzwa makali: homoni hiyo ikawekwa kwenye orodha ya kuangaliwa tu.

Mwishoni mwa 2024 Umoja huo ulirudi na sheria mpya ya majitaka ya mijini. Mitambo inayopokea mzigo wa majitaka unaolingana na wa watu 150,000 au zaidi itatakiwa kuwa na hatua ya nne ya usafishaji, kama ozoni au mkaa, ifikapo 2045, na angalau asilimia 80 ya gharama italipwa na watengenezaji wa dawa za binadamu na vipodozi. Mwaka 2025 kampuni za dawa zilikwenda mahakamani kuipinga. Zinadai kwamba zimebebeshwa mzigo wa wengine, kwani kemikali za majitaka hazitoki kwao pekee. Kwa upande wa homoni zina hoja, maana estroni ya majitaka haitoki hasa kiwandani: inatoka kwa kila mwenye mwili, na mwenye mwili ndiye Uswisi iliyemtoza faranga 9.